Nyuma ya Bega la Papa Alphonse

Siku ile Mama Véro alipoleta studio picha ya marehemu mumewe, mwanangu, naikumbuka hadi harufu ya manukato yake. Nilikuwa binti mbichi, mjuaji kupita kiasi, nikifanya kazi hapa Kisangani kwa Tonton Faustin, ndugu wa mama yangu, ambaye ndiye alinifundisha kutengeneza video. Kompyuta yetu ilikuwa moja, na umeme wa bwawa la Tshopo ulikuja na kuondoka ulivyotaka wenyewe. Lakini nisikudanganye: furaha niliyokuwa nayo siku zile siipati tena leo, pamoja na mashine zangu zote hizi.

Mumewe, Papa Alphonse, alikuwa mvuvi wa Wagenia, wale wanaotega samaki kwenye maporomoko ya mto, na familia ilikuwa inajiandaa kutoa matanga, yaani kufunga maombolezo. Picha aliyoiacha ilikuwa hiyo moja tu. Amesimama juu ya mwamba anacheka, maji yanachafuka nyuma yake, na mbele ya bega lake umepita mti mmoja wa ile inayoshikilia vikapu vya kutegea samaki. Mama Véro alitaka wajukuu wamwone ukutani kama mtu aliye hai. Alitaka picha isogee, mtu ahisi anaweza kumkaribia.

Nami nilikuwa nimejua njia ya mkato. Unaipa kompyuta picha ya pili ya kijivu, ambamo cheupe ni cha karibu na cheusi ni cha mbali, nayo inaivuta ile ya kwanza hadi ionekane ina umbali ndani yake. Maji yalitoka vizuri mno! Lakini kamera ilipoelekea upande, ule mti wa mbele ulilivuta bega la Papa Alphonse, likarefuka kama kwanga ya moto, ule mkate wetu wa muhogo. Nililiona, nikajiambia hakuna atakayeliona.

Mama Véro aliliona kabla hajaketi vizuri.

"Bwana yangu hakukuwa mutu ya mupira," akasema, akionyesha lile bega lililovutika.

Afadhali Tonton Faustin angenifokea. Alivuta kiti tu, akakaa kando yangu.

"Bon, Régine. Ile mambo yako iko muzuri kwa mayi na mawe. Kwa mutu, non. Mutu unamukata pole pole, unamuweka kwa calque yake. Muti pia, calque yake."

Calque, kwetu studio, ni tabaka: kila kitu kinakaa peke yake, kimoja mbele ya kingine, kama kilivyokuwa kweli siku ile. Basi nikakata, kidole kwa kidole, macho yakiniwasha. Maji na mawe nikaviachia ule ujanja wangu wa kijivu. Papa Alphonse na mti wakapata matabaka yao. Kamera ilipopita, alisimama mwenyewe, mwili mzima. Ila ukimtoa mtu kwenye picha, nyuma yake panabaki tundu. Nikachukua maji ya pembeni nikaliziba, tena kwa ustadi, nikajipongeza.

Mama Véro aliporudi alitazama mara moja tu, akasogea, akagusa kioo.

"Hapa nyuma yake umetia nini?"

"Mayi, mama."

Akaondoa kidole kwenye kioo. Kisha akasema taratibu, "Pale haikukuwa mayi. Ni miye nilikuwa pale."

Siku ya picha hiyo alikuwa ametoka kubeba samaki, kitenge chake kimelowa na kuchanika. Akaona haya mbele ya mpiga picha, akajificha nyuma ya mgongo wa mumewe. "Anacheka sababu nilimufinya," akatuambia. Walizeeka pamoja, na hawakuwa na picha hata moja ya wao wawili. Nililia mbele ya mteja, mwanangu, na sioni aibu kulisema hilo.

Tonton Faustin akatundika ukutani kitambaa cha kijani, rangi ambayo kompyuta huifuta kirahisi akabaki mtu peke yake, akamsimamisha mama wa watu, akamrekodi. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia naweza kumpunguzia makunyanzi, nimrudishe ujana kidogo.

"Te," akakataa. "Acha nikae hivi. Atanijua."

Siku ya matanga ukuta wa nyumba yao ulipakwa chokaa kwa ajili ya ile video. Kamera ikaanza kwenda upande. Maji yakasogea, mti ukapita, na nyuma ya bega la Papa Alphonse ukatokea uso wa Mama Véro, na mvi zake, akipepesa macho. "Koko! Koko iko na Papa!" wajukuu wakapiga kelele kwa kumwona bibi yao. Yeye mwenyewe alinishika mkono tu, akaniomba nirudie. Tulirudia hadi jenereta likaishiwa mafuta.

Mwanangu, leo simu yako inakisia umbali yenyewe, na mimi siichukii. Itumie kwa maji, kwa mawingu, kwa mawe. Watu wakate kwa mkono wako, uwape tabaka lao, hata kama mteja ana haraka. Na kabla hujaziba tundu, uliza. Mashine itakuwekea maji kila mara, kwa sababu haikuwepo. Tafuta aliyekuwepo, umsikilize.

Mungu akubarikie macho na mikono. Akupe wateja wagumu kama Mama Véro, na akupe mtu wa kuzeeka naye. Na siku mtakapopigwa picha, mwanangu, hata kama kitenge kimechanika, usijifiche. Simama kando yake.