Insha ya Wesonga Juu ya Otukei

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na moja. Hapana, nadanganya, barakoa tulikuwa tumeshazitupa. Basi ni ishirini na mbili. Mwaka huo Wesonga, mchunga malori kwenye foleni ya mpakani Malaba, aliingia darasa la Kiingereza la watu wazima kanisani Amukura. Alitaka ukarani kwa maajenti wa forodha. Lakini kutulia hakuweza: mara yuko dirishani, mara yuko nje, mara amerudi.

Mwalimu Trizah akawapa insha: rafiki yako mpendwa. Wesonga akajaza kurasa mbili. Aliandika juu ya Otukei, mwenzake wa kuwekea magurudumu mawe pale barabara inapoinama, na ile asubuhi ya mvua jiwe lilipoteleza, lori likarudi nyuma, likamlalia Otukei, akafa. Jambo hilo hakuwa amemsimulia mtu, hata mkewe. Wiki nzima hakula vizuri, akingoja mwalimu atasema nini.

Karatasi ikarudi nyekundu juu mpaka chini. Roselida, muuza omena aliyeketi karibu naye, akachungulia. "Boss, hapa ulichinjia kuku?" Darasa likacheka. Chini kabisa mwalimu alikuwa ameandika: rudia, kwa makini.

Akarudia. Safari hii alichagua maneno anayoyajua tu, mafupi mafupi. Rafiki yangu ni Otukei. Ni mrefu. Anapenda samaki. Kila asubuhi tunaenda kazini pamoja. Basi. Hiyo ilirudi na alama ya vema na pongezi, na mwalimu akaisomea darasa lote, wakapiga makofi.

Wesonga akatoka, akazunguka kanisa, akarudi, akatoka tena.

"Huyo Otukei wako mlete tumsalimie," Roselida akamwambia mlangoni. "Mtu mrefu hivyo, apenda samaki, na mimi nauza."

Wesonga akampita. Akaingia kwa mwalimu, aliyekuwa akifunga mkoba. Trizah alimpokea kwa furaha, akamwambia ameendelea sana, na kwamba ile insha ya kwanza aliikalia muda mrefu kuliko za wengine wote, hakuruka kosa hata moja. Alisema kweli, na alisema kwa upendo.

"Asante, mwalimu. Hayo nimeona." Wesonga alikuwa amerudi mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. "Lakini ile ya kwanza. Ulipofika pale lori linaporudi nyuma, kalamu yako ilisimama hata kidogo?"