Maksai Alilewa Mikononi Mwangu

Chekeni tu, maana Chakol nzima imeshacheka. Wiki jana idara ya mifugo ya Busia ilinituma huko, na kaptula yangu ya serikali, nilinde maksai waliokodishwa kwa wapiga sinema. Kazi yangu ilikuwa moja: mnyama asiteswe.

Nikawakuta wale watu wa Nairobi wanarudia kulima mstari uleule tangu asubuhi, na maksai mmoja ulimi nje. Nikapandwa na hasira. "Mfungueni apumzike! Amekula nini huyu?" Wakaendelea kurekebisha kamera zao. Watu gani hawa, jamani? Nikazunguka nyuma ya nyumba ya boma lililopakana na shamba, nikaona chungu kimejaa kitu kama pumba zilizolowekwa, kikinuka uchachu kidogo. Nikakibeba mwenyewe, nikammiminia kwenye karai. Akala mpaka akalamba karai.

Walipomfunga plau tena, akaanza kuyumba. Akamvuta mwenzake mpaka mtaroni, kisha akalala palepale akikoroma. Mimi nikasimama mbele ya kamera nikipiga kelele: "Mmempa dawa! Sinema imesimama! Hakuna anayeondoka hapa mpaka nijue nani amemlisha huyu mnyama sumu!"

Ndipo mama mwenye boma akatokea nyuma ya nyumba, mirija mirefu ya kunywea mkononi, na nyuma yake wazee waliokuja kuzungumza mahari ya binti yake.

"Boss," akaniuliza, "ile chungu ya pombe nimeona ukibeba saa ile, umeipeleka wapi?"