Mate ya Kubariki

Nilikuwa nimeketi mlangoni nikichambua maharagwe. Mama mkwe wangu alikuwa akimbembeleza binti yangu mchanga, Wanjiru, aliyepewa jina lake. Mume wangu alikuwa amepeleka ng'ombe mtoni. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kule Bonde la Ufa, na maharagwe yalikuwa yamekubali vizuri mwaka huo.

Kisha tukaona moshi kwa jirani.

Wavamizi wakaanza kurusha mishale. Tukakimbia.

Mume wangu hakurudi kutoka mtoni.

Tulilala kanisani kwa majuma, watu tumebanana, mama mkwe akikohoa, mpaka lori likatuleta kijiji cha Gakindu kwa ndugu zake. Huko zahanatini wakatuita sisi wakimbizi tupimwe kifua. Nilikasirika sana. Nilidhani wanatuona wachafu.

Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alimpa mama kichupa cha kutemea makohozi. Mama akakirudisha. Kwetu mzee humbariki mtoto kwa kumtemea mate kidogo viganjani, na tangu tukimbie alikuwa akimbariki Wanjiru kila asubuhi.

"Ng'ombe wamechukua. Kijana yangu wamechukua," alisema. "Sasa mnataka hata mate? Hii ni ya kubariki watu. Ati niweke kwa chupa?"

Nilingoja muuguzi afoke. Badala yake alipiga magoti kwenye simenti, akakunjua viganja.

"Basi nibariki kwanza, shosho. Niko na watoto nyumbani."

Mama akambariki. Hadi leo namkumbuka, maana yule muuguzi alijua vizuri kuliko sisi kikohozi kile ni cha nini. Aliinuka, akashukuru, ndipo akanawa. Mama akachukua kichupa mwenyewe.

Ilikuwa TB. Wanjiru alipewa dawa ya kumkinga, mama akaanza zake, akaambiwa akae mbali na mtoto kwanza.

Alitii. Kila asubuhi aliketi kule kwenye mibuni, nami nilimwinua Wanjiru juu ili amwone. Alijitemea mate kifuani mwake mwenyewe, kumbariki kutoka mbali, akimtazama mtoto, midomo ikimcheza.

Mwili wake ulikuwa umechoka mno. Aliaga dunia kabla dawa hazijamsaidia.

Wanjiru ni mzima, ana watoto wake sasa. Huniuliza bibi yake alikuwa mtu wa namna gani.

"Alikupenda," mimi humjibu, "hata akakubali kufa bila kukugusa."