Dawa Katika Maji ya Bahari

Nilirudi nyumbani Makongeni kwa treni kutoka Mombasa, nimekumbatia chupa mbili za maji ya bahari kama aliyebeba mayai. Moja ilikuwa na chembe tulizozinasa zikizama: mabaki ya mimea midogo na vinyesi vya wadudu wa baharini, vimegandana, vinashuka polepole kuelekea kilindini. Nyingine ilikuwa maji matupu ya pale pale. Nilitaka kuonyesha kwamba bakteria wanaokaa kwenye chembe wana maisha yao, tofauti na wanaoelea. Huo ndio uliokuwa mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni, na nafasi ya kurudi baharini haikuwepo. Bila chupa zile, hakuna digrii.

Ilikuwa Jumapili, maabara imefungwa. Niliziweka jikoni kwenye beseni la maji baridi, nikaenda kulala.

Nilipoamka, nyumba ilinuka klorini. Tangu kipindupindu kipite mtaani, kwetu maji yanayokaa ndani hayakuachwa bila dawa, na Mama hakubagua chupa.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeweka dawa. Maji ya Mombasa mimi siamini."

"Hiyo si ya kunywa! Hiyo ni masomo yangu!"

"Sasa si ungesema?"

Nilikasirika hata chakula kikanishinda. Lakini mimi si mtu wa kumwaga kitu kabla sijakipima. Jumatatu nilipanda maji ya chupa zote mbili kwenye visahani vya maabara vyenye chakula cha bakteria, chembe nikizisaga kwanza. Baada ya siku chache, visahani vya maji matupu vilikuwa safi. Vya chembe vilijaa madoa, meupe na ya manjano, kila doa kundi la bakteria walio hai. Dawa iliwaua walioelea. Waliojichimbia ndani ya chembe, kwenye ute wao, haikuwafikia. Nilicheka peke yangu. Darasani hakuna mwingine aliyekuwa na ushahidi kama ule.

Jioni nilimsimulia Mama kwa mbwembwe. Hakucheka. Alilitazama pipa letu la maji, lenye tope chini, kisha akamtazama dada yangu mdogo, ambaye tumbo lilikuwa limemsumbua mwaka mzima.

"Kwa hivyo hii dawa yangu..."

"Haifiki ndani ya hiyo tope, Mama."

Alifungua leso kiunoni, akaikunja mara mbili, akaitandaza juu ya ndoo.

"Shika hapo," akasema. "Tuchuje yote."