Mlio wa Gia Nzito, Kutoka Shinyanga Hadi Geita

Nilitoka Shinyanga kwenda Geita kwa sababu ya ngoma. Ninyi wa nyumbani Muheza mtanicheka, maana mnajua sichezi hata nikisukumwa. Lakini miaka ile ya sabini nilikuwa dereva wa Landrova kuukuu, na kundi la Mzee Lushinge, manju wa Kisukuma, mtunzi na mwimbishaji aliyesifika kwa ulimi wake, lilialikwa kushindana Geita baada ya mavuno. Wachezaji walitangulia kwa lori. Mimi nilipakia ngoma kubwa, Mzee Lushinge mwenyewe, na Mama Kulwa, kiongozi wa waitikiaji.

Mashindano yale hayana jaji. Makundi mawili hupiga katika uwanja mmoja, wakati mmoja, na watazamaji huenda wanakopendezwa. Atakayebaki na watu ndiye mshindi. Mwenzake huimbia vumbi. Msimu uliotangulia Mzee Lushinge ndiye aliyeimbia vumbi. Aliniambia tukiwa tunafunga kamba, bila kunificha: "Baba Zaina, nikishindwa tena, vijana watatafuta manju mwingine. Nitabaki kulinda ndama."

Asubuhi ya kuondoka tulianza vizuri. "Mwangaluka!" alipaza sauti Mama Kulwa kutoka juu ya ngoma, akimsalimu kila tuliyempita, na njia nzima hadi mto wa kwanza tulikuwa tunacheka. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, na ng'ambo yake mwinuko mkali.

Hapo sina budi kuwaeleza kidogo. Sakafuni mwa gari lile kulikuwa na mkono mrefu wa gia za kawaida, mwingine mfupi wa njano wa kuunganisha magurudumu ya mbele, na wa tatu mwekundu. Ukiuvuta mwekundu nyuma unaingia gia nzito. Gari linatembea taratibu, lakini, kama nilivyopenda kuwaambia abiria wangu, linavuta mzigo wowote. Nao waliupenda sana mkono ule. Kila nilipouvuta walipiga vigelegele, kana kwamba mimi ndiye niliyesukuma gari.

Safari hii niliuvuta, na chini ya miguu yangu kukaanza ko, ko, ko. Vigelegele vya Mama Kulwa vikakatika. Tulipofika juu nikarudisha mkono mbele, kimya. Nikauvuta tena, ko, ko, ko.

"Si kitu," alisema Mzee Lushinge upesi. "Twende."

"Mzee, wewe imba, mimi niache nisikilize," nilimjibu, kwa ukali kidogo. Mimi gari likilia siwezi kula wala kuongea.

Nilijaribu la kwanza linalompasa dereva yeyote. Ukiingia gia nzito magurudumu ya mbele nayo huungana, kwa hiyo kelele inaweza kuwa huko. Nilibonyeza mkono wa njano peke yake, nikatembea nikiwa gia nyepesi. Kimya kabisa. Basi ubaya haukuwa mbele. Ulikuwa kwenye sanduku dogo la gia lililo nyuma ya giaboksi. Nikahisi jino la gia limekatika. Jino likikatika na kipande kikanasa kati ya gia, gari linakwama palepale, na mbele yetu kulikuwa na vilima ambavyo Landrova ile, na mzigo ule, isingevipanda bila gia nzito.

Kahama tuliingia jua likiwa kali. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Karimu, fundi wa Kihindi aliyezaliwa palepale na aliyeongea Kisukuma kuliko mimi. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka uliotangulia, lakini alipomaliza kusema karibu alikuwa tayari ameinama.

"Tembeza polepole, gia nzito," aliniagiza. Alichora mstari wa chaki kwenye propela ya nyuma, ile shafti inayozungusha magurudumu, akatembea kando ya gari amejikunja, sikio chini, huku wenye maduka wametoka barazani kumtazama. Kila mstari wa chaki ulipopita juu, ko. Mzunguko mmoja, mlio mmoja.

"Gia kubwa ya ndani," alisema. "Inazunguka sawasawa na propela. Jino, bwana."

Tulimwaga oili kwenye beseni. Bwana Karimu akaipitisha kwenye kitambaa cheupe, akakipeleka juani, akakigeuza. Hapakuwa na hata chembe ya chuma.

"Basi halijaanguka, limepasuka," alisema, lakini sasa bila uhakika. "Lazima nishushe sanduku nifungue. Leo halifungiki tena."

"Na Geita?" aliuliza Mama Kulwa.

"Geita kesho kutwa, dada."

Mashindano yalikuwa kesho yake. Nilimgeukia Mzee Lushinge nikitegemea atanigombeza. Alikuwa ameloa jasho, anatazama spana mkononi mwa Bwana Karimu kama mtu anayetazama kisu. Nati ya kwanza ikalegea.

"Ngoja, bhabha," alisema. "Ngoja kwanza. Usifungue ndani. Angalia juu ya sanduku, chini ya ule mkono mwekundu."

Bwana Karimu akaingiza mkono, akapapasa, akatoka na kipembe cha paa kilichoviringishwa kitambaa cheusi, kimefungwa kwa ukanda wa tyubu. Kilikuwa dawa ya kuvuta watu. Nilipovuta mkono nyuma kilishuka, na kiungo cha propela kikakigonga kila kilipozunguka.

"Mzee! Kwa nini kwenye gari langu?" niliuliza.

"Mwenyewe ulisema," alijibu kwa sauti ndogo. "Ulisema mkono huo ndio unaovuta. Ukiuvuta, hata mzigo mzito unakuja. Nikaona, nani avute watu zaidi ya huo?"

Mama Kulwa ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akaketi chini, na Bwana Karimu akacheka ameegemea gurudumu, na mimi nikacheka machozi yakanitoka. Mzee Lushinge hakucheka. Alisema dawa ikishaonekana na kushikwa na watu watatu, mmoja mwenye grisi, haina kitu tena. Alikuwa na hofu ya kweli, nikamwonea huruma.

Oili ikarudi, tukaondoka. Vilima vya baada ya Bukoli tulivipanda kwa gia nzito bila mlio wowote. Geita tuliingia mchana wa siku ya pili, tukashusha ngoma kwenye uwanja wa Kalangalala, ambako wachimbaji wa dhahabu wenye vumbi jekundu masikioni walikuwa wamejaa, na kundi la wapinzani limeshaanza.

Mwanzoni watu wote walikuwa kwao. Mzee Lushinge alisimama mbele ya ngoma zake, kwenye duara lililokuwa na watoto na mbuzi mmoja. Akaimba wimbo wake wa zamani, hakuna aliyegeuka. Akaukatiza. Kisha akaanza mwingine ambao hata Mama Kulwa hakuujua: manju mmoja mjinga alifunga dawa chini ya Landrova, dereva wa pwani akatafuta jino, fundi akachuja oili, na gari likalia ko, ko, ko. Ngoma kubwa ikaudaka mlio ule. Mama Kulwa akaitikia. Mchimbaji mmoja akageuka, akacheka, akamvuta mwenzake. Kabla jua halijalala wapinzani walikuwa wanaimbia vumbi, na uwanja mzima unapiga ko, ko, ko kwa miguu.

Siku ya kurudi tulishuka vilima vilevile. Nimejifunza kwamba sanduku halifunguliwi kabla ya kutazama nje yake, na kwamba ni vema kuuliza abiria kabla ya kuuliza gia. Lakini nilidhani na Mzee Lushinge naye amejifunza, nikamchokoza:

"Sasa umeona, Mzee. Umeshinda bila kipembe."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Bila kipembe, Baba Zaina?" alisema. "Bila kipembe ningeimba nini?"