Mbio ya Tano ya Kamanda

Koti la baba lilinuka jasho la farasi, nyasi kavu na dawa ya kuchua misuli, na kila lilipotundikwa mlangoni kwetu St Marys, pembezoni mwa Sydney, nilikwepa kulipita. Baba alimtunza Kamanda, farasi bingwa wa kuruka viunzi. Huku Sydney sheria ilikataza mbio hizo, kwa hiyo alipakiwa lorini hadi jimbo jirani la Victoria, baba akiwa naye, nasi tukatazama kwenye televisheni. Majira hayo ya baridi alikuwa ameshinda mbio nne mfululizo, na nyumba nzima ilijigamba kana kwamba sisi ndio tulioruka. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimeona farasi mwingine akianguka na kuvunjika mguu, watu wakakimbia kumzungushia turubai la kijani ili tusione akiuawa. Hakuna aliyenieleza. Nilielewa mwenyewe, na usingizi ukanihama.

Ijumaa kabla ya mbio ya tano, Wakenya wenzetu walikuja kusali kwetu. Kama kawaida kila mtu alitaja ombi lake: viza, mtihani, mgongo wa shangazi. Zamu yangu ilipofika, nikasema kwa Kiingereza changu cha shule kwamba naomba Kamanda ashindwe, wamstaafishe akiwa hai. Mama Wairimu, aliyeongoza sala, akakohoa. "Mtoto, si huyo farasi ndiye anamlisha babako?"

"Mwacheni," baba akasema. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Lakini ombi langu halikuombewa, likarukwa tu.

Siku ya mbio, Kamanda aligonga kiunzi cha saba kwa magoti, pua ikagusa majani. Nikajifunika uso kwa leso ya mama. Nilipofunua alikuwa mbele ya wote. Akashinda. Vigelegele vikajaa sebuleni, nami nikalia kwa hofu, maana bingwa hapumzishwi. Baba alipopiga simu sikumpongeza. Nikamuuliza, "Anatembea?"

"Anatembea, mum," akanijibu, akiniita kama alivyozoea kumwita bintiye, sauti yake ikitetemeka kama yangu.

Kamanda alikimbia misimu miwili zaidi, kisha akazeeka na kufa malishoni. Ungedhani hilo lingeniponya. Sasa mwanangu anacheza raga mjini Penrith, na nikirudi nyumbani kutoka uwanjani mume wangu huniuliza matokeo. Siyajui. Huwa ninahesabu vijana wanaoinuka baada ya kuangushwa.