Duara la Majivu Nyuma ya Mashine ya Kusaga

Mwaka 1988, mwezi Juni, baridi ya Makambako ilipokwisha kuanza kupasua midomo, nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na miezi mitatu, nami nilikuwa darasa la kwanza. Nautaja umri huo bila kuupunguza. Hata leo maji yakimwagika jikoni kwangu na majivu ya moto yakapandisha ile harufu yake kali, sikumbuki chakula wala kuni. Nakumbuka duara lililochorwa ardhini nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, watoto wadogo wakipasiana mpira, na mimi miongoni mwao, vichwa vyao vikinifika kifuani. Marehemu mume wangu, aliyenioa mwaka 1998, alizoea kusema kwamba siwezi kupokea hata kikombe cha chai kabla ya kutazama nyuma. Alidhani ni tabia ya ukoo wetu. Sikupata kumweleza kwamba nilifundishwa.

Nilichelewa shule kwa sababu ya dada yangu Eliza, na lazima nieleze jinsi alivyoondoka, la sivyo mtatuona tulikuwa watu wenye roho mbaya tu. Mama yetu aliishi Mjimwema, Njombe, akiuza viazi na njegere. Septemba 1985 alikuja nyumbani mwanamke mwenye kitenge kipya na maneno laini, akafungua daftari, akaandika jina la Eliza na umri wake, akasema atampeleka Dar es Salaam akajifunze cherehani. Eliza alipandia lori Makambako. Tangu hapo, kwa miaka mingi, hatukupata barua wala salamu. Mimi nikarithi kazi zake, yaani maji, kuni na mdogo wetu mgongoni, mpaka Januari 1988 Bibi mzaa mama aliponichukua kwake Makambako na kuniandikisha shule. Tangu Eliza aondoke, mgeni aliyeandika jina la mtoto alitazamwa kwetu kama mwewe anavyotazamwa na mwenye vifaranga.

Basi fikirini ilivyokuwa alipotokea mtu mwenye lori na daftari, vyote viwili.

Aliitwa Shabani, dereva wa lori la mizigo, mwenyeji wa Kigoma. Alihamia Makambako kama wengi walivyohamia miaka ile, biashara ilipoachiwa huru na maduka yakaota kando ya barabara kuu. Alikuwa na mpira wa ngozi halisi, kitu ambacho shule yetu haikuwa nacho. Siku asizokuwa na safari, saa kumi jioni, aliwakusanya watoto wa darasa la kwanza na la pili na kuwafundisha bila kudai chochote. Wakubwa walikuwa na uwanja wao wa shule. Sisi alitupatia ile sehemu tupu nyuma ya mashine. Kwa kuwa hakuwa na chokaa, alituagiza kila mmoja alete kopo la majivu kutoka jikoni kwao, ili achore duara.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumanne, tarehe 14 Juni. Nilichota majivu ya Bibi bila kuomba ruhusa. Jioni akaliona jiko limefagiliwa.

"Majivu yangu yamekwenda wapi?"

"Kwa Mwalimu Shabani, Bibi."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya duara."

"Na ndani ya duara kuna nini?"

"Mimi."

Bibi akaacha kumenya viazi.

Kwa kweli ndani ya duara alikaa yule aliyepoteza mpira, akiukimbilia, na wengine tulisimama juu ya mstari wa majivu tukipasiana ili asiupate. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu yote. Hapakuwa na goli. Mtoto akipiga shuti kali kwenda mbele, Shabani alishika kiuno na kuuliza, "Nani amekutuma kubutua? Mpira ni wenu. Anayeutaka, aje autafute." Alitufundisha kuupokea kwa upande wa ndani wa mguu, kuulaza, kisha kumtafuta mwenzetu aliye peke yake. Na kabla ya yote alitaka tutazame nyuma na pembeni mpira ukiwa bado njiani. "Ukisubiri ufike ndipo utazame," alisema, "utakuta anayeutaka ameshafika."

Watoto hawakunionea huruma. Nilipokuwa nikivuka kwenda kwenye duara, kitoto kimoja cha miaka saba kiliinama kwa heshima zote na kusema, "Shikamoo, mwanafunzi!" na wenzake wakagaagaa chini kwa kicheko. Lakini mpira uliponifikia walinyamaza, kwa maana sikuupoteza. Sijui niliutoa wapi ujuzi huo. Labda mtu aliyebeba mtoto mgongoni zaidi ya miaka miwili huku anateka maji hujifunza kujua kilicho nyuma yake.

Watu wazima walitutazama kutoka kwenye foleni ya kusaga, na kila walichokiona kiliwaongezea shaka. Mama Vumi, jirani yetu aliyeuza viazi vya kuchemsha kwa wasafiri, alikuwa mwenye sauti kuliko wote. "Mpira gani usio na goli?" aliuliza. "Watoto wanazungushwa tu, kama ng'ombe anayeonyeshwa kwa mnunuzi." Wengine waliuliza majivu ya majiko yetu, yaliyochanganywa na mgeni na kukanyagwa na watoto, yalitakiwa kwa lipi. Na wote waliuliza swali moja ambalo hata mimi sikuweza kulijibu: anapata nini? Wakati ule hata chumvi ilikuwa imeanza kupanda na kushuka bei kati ya asubuhi na jioni. Kitu cha bure kilitisha.

Nami nilikuwa na shaka yangu. Kila mzunguko ulipokwisha, Shabani alitoa daftari dogo mfukoni mwa shati na kuandika. Nilimwuliza anaandika nini.

"Siri ya kocha," akasema, akacheka.

Kicheko kile nilikihesabu dhidi yake. Yule mwanamke wa kitenge naye alikuwa mcheshi.

Alhamisi, tarehe 21 Julai, mtoto mmoja alijikwaa akachubuka goti. Shabani alipoinama kumfunga kitambaa, daftari likadondoka. Nililiokota, nikalifungua. Kulikuwa na majina yetu, na mbele ya kila jina tarakimu. Mbele ya jina langu hakukuwa na tarakimu tu. Kulikuwa na mstari mzima wa maneno, hadi ukingoni mwa karatasi. Nilijua kusoma neno moja tu katika ukurasa ule: Yustina. Nililirudisha kabla hajageuka.

Nyumbani nilimweleza Bibi kwamba nimeandikwa. Akanishika mkono. "Umeandikwaje? Umesoma?"

Hapa ndipo kosa langu lilipo, wala silifichi. Bibi alikuwa amewaambia wanawake wote wa kanisani kwamba mjukuu wake, ingawa ameanza shule akiwa mkubwa, anasoma kama mchungaji. Nilipaswa kusema sijui. Niliona aibu. Nilikuwa naogopa kweli, na hofu yangu ilishajua ni maneno gani yanayofuata jina la msichana daftarini.

"Nimesoma," nikasema. "Imeandikwa Yustina, Dar es Salaam."

Bibi hakupiga kelele. Alijifunga khanga, akaenda kwa balozi wa nyumba kumi.

Haikupita wiki, hakuna mtoto aliyeonekana na kopo la majivu. Balozi alilipeleka suala kwa Katibu Kata, naye akaagiza daftari lichukuliwe na lori lisitoke hadi shauri lisikilizwe. Ikithibitika, Shabani akabidhiwe polisi na asionekane tena Makambako. Nilimwona kila nilipotoka shule, amekaa kwenye ngazi ya lori lake lililopakiwa mahindi, mpira umetulia chini ya unyayo wake. "Umepotea, Yustina," alisema mara moja tu. Nikazunguka njia ya mbali. Kuanzia siku ile mtu niliyemshuku zaidi nilikuwa mimi mwenyewe, lakini sikumwambia mtu.

Shauri lilisikilizwa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1988, saa nne asubuhi, katika ofisi ya kata. Watu walijaa hadi madirishani. Bibi aliwasalimia wazee wote kwa salamu ya kwetu, "Kamwene," akampita Shabani kama anavyopitwa mti.

Katibu Kata alikuwa mtu wa miwani na taratibu. "Bwana Shabani, unawafundisha watoto wa watu. Faida yako ni nini?"

"Sina faida, mheshimiwa. Na mimi nilifundishwa hivi nikiwa mdogo. Napenda kuona mpira haupotei."

"Siku hizi hakuna mtu asiye na faida," alisema Mama Vumi kutoka dirishani, na watu wakaguna kumuunga mkono.

Katibu akaliweka daftari mezani, akalielekeza kwangu. "Binti, wewe ndiye uliyesoma. Tuonyeshe palipoandikwa Dar es Salaam."

Nilitazama ukurasa. Nikatafuta jina langu, nikaweka kidole kwenye ule mstari, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kukiweka.

"Soma," akasema.

Sikuweza. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, ndogo kuliko ya watoto wa darasa langu, "Sijui kusoma, bado."

Katibu akaondoa kidole changu taratibu, akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea matangazo ya mikutano: "'Yustina. Pasi thelathini na moja, hajapoteza hata moja. Hutazama kabla ya kupokea. Huyu angekuwa mwalimu wa wenzake.'"

Akafunua kurasa zote, moja baada ya moja. Hapakuwa na Dar es Salaam. Akaandika kwenye jalada lake, akasoma alichoandika: hakuna kosa, daftari lirudishwe, lori liruhusiwe, shauri limefungwa. Akagonga mhuri.

Nilikuja kuelewa baadaye, barua ya kwanza ya Eliza ilipotufikia mwaka 1991, ikisema hakufundishwa cherehani yoyote, na nikaweza kuisoma mwenyewe, kwamba hofu ya Bibi ilikuwa na haki yake yote. Ila ilimwangukia mtu asiye na kosa. Na kwamba mhuri ule ulimrudishia Shabani lori lake, si watoto.

Siku ile sikuelewa hayo. Tulitoka nje. Watu walisimama makundi makundi, wakimtazama Shabani kwa macho yale yale waliyoingia nayo. Naye akaweka mpira chini. Akaniona. Aliusukuma kwa upande wa ndani wa mguu, taratibu, pasi ya kumpa mtoto anayeanza. Nikafanya kama alivyonifundisha: nikatazama kabla haujafika. Nyuma yangu alikuwa Bibi, amesimama na midomo imekazwa.

Sikutoa mguu. Mpira ukapita kando yangu, ukaenda ukagota kwenye ukuta wa ofisi. Ulikuwa mpira wa kwanza kunipotea tangu tarehe 14 Juni. Shabani alikuwa na daftari mkononi, lakini hakulifungua.